Udongo wa Juu, Udongo wa Chini

Mwaka 1914, mkemia Stefanie Horovitz wa Vienna alikuwa akipima madini ya risasi kwa uangalifu wa kuchosha. Akisafisha, akipima, akisafisha tena. Yeye na mwenzake Otto Hönigschmid walikuwa wakitafuta jibu la swali lililowagawa wataalamu wa kemia wa Ulaya: je, elementi moja inaweza kuwa na atomu za uzito tofauti? Frederick Soddy, kule Uingereza, alikuwa amesema inawezekana. Kilichokosekana ni ushahidi wa mizani.

Ushahidi mzuri kuliko mwingine ulitoka Morogoro. Risasi iliyotolewa ndani ya fuwele za uraninaiti za milima ya Uluguru ilionyesha uzito wa atomu wa 206.05, ilhali risasi ya kawaida ni 207.2. Pengo hilo dogo liliwafunga midomo wengi waliokuwa na shaka, na leo mwanafunzi wa kidato cha pili anasoma isotopu bila kusikia popote kwamba Uluguru ilihusika. Kabla ya vipimo hivyo, mwaka 1906, Mjerumani Willy Marckwald alikuwa ameeleza kwa mara ya kwanza madini mengine ya urani kutoka milima hiyohiyo, eneo la Lukwangule. Akayapa jina la Ernest Rutherford.

Hakuna aliyepanda Uluguru kutafuta isotopu. Wajerumani walikuwa wakitafuta ulanga, yale madini yanayobanduka kurasa kwa kurasa, yanayopitisha mwanga na yasiyoungua. Viwanda vya Ulaya viliutaka kwa vioo vya taa na majiko, na baadaye kwa kuhami umeme. Ulanga hukaa ndani ya mishipa ya mawe meupe yanayokatiza mwamba wa mlima. Mara nyingi mawe hayo yameoza kwa mvua za karne nyingi hata jembe na sururu vinatosha. Kibarua hufuata mshipa unakoelekea, ukishuka anashuka, ukipinda anapinda, na kifusi hutupwa upande wa bondeni kwa sababu ndiko kunakotupika bila jasho la pili. Mshipa ukiisha, watu wanahama. Reli ya Kati ilipofika Morogoro mwaka 1907 ikitokea Dar es Salaam kupitia Ngerengere, mzigo uliokuwa ukitembea vichwani mwa wapagazi ulipata behewa. Kifusi hakikuwa na behewa. Kilingoja masika.

Hapo ndipo Ngerengere inapoingia katika habari hii, maana mto wa jina hilo huanzia Uluguru, ukapita mji wa Morogoro, ukazunguka tambarare ya mashariki na kwenda kujiunga na Ruvu. Chochote kinachoachiliwa mlimani hupita huko au kwa jirani zake. Wanajiolojia wanalijua jina la Ngerengere kwa sababu nyingine pia: tabaka za mchanga na changarawe za enzi ya Jura, zinazoonekana upande huo, zimepewa jina la mahali hapo. Zile ni mabaki ya milima ya zamani iliyosagwa na mito ya zamani. Kwa maneno mengine, kazi ya kuchimba, kuponda, kuosha na kupanga mawe kwa uzito wake ilishafanyika huku mamilioni ya miaka kabla ya mtu kushika karai.

Dhahabu ya mtoni huzaliwa kwa njia hiyohiyo. Mwamba wenye dhahabu unaoza, mvua inaubeba, mto unaupeleka. Mchanga mwepesi unaendelea na safari. Dhahabu, ambayo ni nzito mara 19 kuliko maji, inazama pale mkondo unapolegea: kwenye kona ya ndani ya mto, nyuma ya jiwe kubwa, kwenye nyufa za mwamba wa chini. Juu yake hujilundika changarawe, juu ya changarawe udongo wa mfinyanzi, na juu kabisa ule udongo mweusi ambao mkulima anaujua kwa kuutazama tu. Anayeitaka dhahabu lazima apite tabaka zote hizo. Suala zima la kupanga machimbo ya namna hii, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, ni kujua kila tabaka litawekwa wapi na litarudi lini.

Tanganyika ilipata somo lake kubwa la dhahabu ya mtoni mbali na Uluguru, kwenye mto Lupa, Chunya. Dhahabu ilionekana huko mwaka 1922. Rashi ilianza polepole, kisha ikapamba moto Uingereza ilipoiachia pauni yake na dhahabu Septemba 1931: wakia iliyokuwa ikiuzwa pauni 4 na ushei ilikaribia pauni 7 katikati ya muongo. Mdororo wa uchumi ulikuwa umewamaliza walowezi wa kahawa na katani, na wengi wao walibeba mahema kwenda kujaribu bahati. Mamia ya Wazungu walikita vigingi vya viwanja vyao. Maelfu ya vibarua Waafrika ndio waliochimba. Mbeya ilikua mji kwa kuwauzia unga, sukari na sepeto.

Lupa ilikuwa na tatizo moja la kikatili: maji. Vijito vingi vya huko hukauka mara mvua zinapokata, na dhahabu bila maji haioshwi. Basi watu wakatumia mashine za upepo, kasha la mbao lenye viriba vya kupuliza, ambamo udongo mkavu hutikiswa na vumbi likapeperushwa ili kizito kibaki chini. Ilikuwa kazi ya kukohoa mchana kutwa. Pia ilibadili sura ya ardhi namna ambayo mto wenyewe usingeweza, kwa sababu mashine ya upepo haidai kukaa kando ya maji. Inaweza kupelekwa popote penye udongo wenye chembe, na udongo wa juu wa eneo zima ukapitishwa humo, beseni kwa beseni.

Taarifa za wakati ule zilihesabu wakia. Hilo halishangazi, maana wakia zililipiwa mrabaha. Dhahabu ya mchangani ilipoanza kuisha, kampuni zikaifuata ndani ya mwamba: mgodi wa New Saza ulianza uzalishaji mwaka 1939 na kufungwa mwaka 1956, na kwa miaka hiyo ni Geita tu iliyoupita. Wachimbaji wa mtoni waliondoka mmoja mmoja. Udongo waliokuwa wameupindua ulibaki palepale walipoutupa, wa juu chini na wa chini juu.

Wakati huohuo, serikali ileile ya kikoloni ya Uingereza ilikuwa imeshikwa na hofu kubwa ya mmomonyoko. Picha za vumbi la Marekani la miaka ya 1930 zilikuwa zimewatisha maofisa wa kilimo wa makoloni yote. Katika Tanganyika macho yao yaliangukia Uluguru, ambako Waluguru walilima miteremko mikali ajabu na mito yao ndiyo iliyonywesha mashamba ya katani ya tambarare na, muda si mrefu, jiji la Dar es Salaam lenyewe. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulifunguliwa mwaka 1959.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukaja mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, maarufu kwa herufi za ULUS. Kila mlipa kodi aliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye shamba. Kuchoma nyasi kulikatazwa, kulima ukingoni mwa mto kulikatazwa, na wasiotii walipigwa faini. Utekelezaji ulipitishwa kwa utawala wa wenyeji chini ya Sultani Sabu bin Sabu, jambo lililomweka mahali pabaya kati ya bomu na baruti: Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, anadai ngazi, raia wanadai sababu.

Inafaa kusimama kidogo kwenye ngazi moja, kwa kuwa ndipo penye kiini cha mambo. Ili kupata jukwaa bapa kwenye mteremko, unakata upande wa mlimani na kumwaga ulichokikata upande wa bondeni. Kwenye mteremko wa wastani wenye udongo mzito, hakuna neno. Lakini Uluguru udongo mweusi mara nyingi ni mwembamba, pengine kina cha kiganja au viwili, na chini yake ni udongo mwekundu au wa kijivu usio na rutuba. Ukikata kina cha kiuno, unaufukia ule mweusi chini ya kifusi na kuuleta mwekundu juani. Mahindi yaliyopandwa pale yalitoka njano na mafupi. Mkulima alikuwa ametoa nguvu zake siku nzima kuzika chakula chake mwenyewe.

Kosa hilo la kitaalamu ndilo lililofanywa Lupa. Tofauti ni kwamba Chunya mtu aliyelifanya alikuwa akitafuta dhahabu, na Uluguru alikuwa akitii amri ya kuhifadhi ardhi.

Cha kuudhi zaidi ni kwamba watu wa Mgeta, upande wa magharibi wa milima, tayari walikuwa na ngazi zao. Wakilima kutoka juu kwenda chini ya mteremko, walilaza magugu na mabua katika mistari ya kukingama, kisha wakayafunika kwa udongo wa juu uliovutwa kwa jembe. Mistari hiyo ilioza ikawa mbolea na ikazuia maji kukimbia. Msimu uliofuata walihamisha mstari kidogo. Hakuna udongo mwekundu uliofufuliwa. Mtu yeyote aliyewahi kupanga machimbo vizuri angeielewa mara moja mbinu hii: fungua kipande kidogo, funika cha jana kwa cha leo, usiache udongo wa juu upotee.

Waluguru hawakupinga kwa sababu ya mahindi peke yake. Ardhi yao ni ya ukoo, inarithiwa kwa upande wa mama, na watu wengi waliamini kwamba Mzungu anayekulazimisha kuipendezesha ardhi yako anajiandaa kuichukua. Walikuwa na mifano ya karibu. Mashamba makubwa ya katani kando ya reli hayakuwa ya Waluguru. TANU ilizaliwa Julai 1954, na manung'uniko ya matuta yakaipata ikiwa bado changa na yenye njaa ya wanachama. Julai 1955, mkusanyiko wa watu wenye hasira huko Matombo uligeuka vurugu. Polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Kabla ya mwaka kwisha amri ya matuta ilikuwa imeachwa. Sehemu nyingine ngazi zilibomolewa na wale wale waliozichimba.

Mlima haukungoja siasa zitulie. Februari 23, 1970, mvua ya zaidi ya milimita 100 iliinyeshea Mgeta kwa muda usiozidi saa tatu, na maporomoko zaidi ya 1,000 yakachanika kwenye miteremko. Anders Rapp kutoka Sweden na Paul Temple wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kuyahesabu na kuyapima. Karibu yote yalitokea mashambani na kwenye nyasi. Msituni yalikuwa machache mno. Temple aliandika pia historia ya ULUS, akaonyesha kwamba tiba haikupimwa kwa mgonjwa: ngazi za aina moja ziliagizwa kwa udongo na mteremko wa aina nyingi.

Uchimbaji katika milima hii haukufa na ulanga. Mwaka 1991 Henry Hänni na Karl Schmetzer walichapisha uchunguzi wao wa rubi mpya kutoka eneo la Morogoro, na jina la Matombo, lililokuwa la ghasia za 1955, likaanza kutajwa na wauza vito wa Bangkok na Geneva. Rubi na spineli huzaliwa ndani ya marumaru, lakini wachimbaji wadogo wengi huzikuta mahali ambapo marumaru imeshaoza na mawe yameshuka bondeni, yaani kwenye changarawe, kama dhahabu. Duara, yaani shimo, linachimbwa hadi kwenye changarawe, kifusi kinarundikwa pembeni, changarawe inabebwa hadi kwenye maji ikaoshwe. Asiyepata kitu anachimba duara jingine hatua chache mbele. Wapo pia wanaotafuta dhahabu katika mkoa huohuo, na mpangilio wa kazi hautofautiani.

Jinsi mambo yanavyoweza kwenda mrama ilionekana jirani, kwenye milima ya Usambara. Mwishoni mwa 2003 habari za dhahabu ya vijitoni zilivuma kutoka Sakale, karibu na hifadhi ya Amani, na maelfu ya watu wakamiminika ndani ya wiki chache. Vijito vilivyolisha mto Zigi, ambao ndio chanzo cha maji ya Tanga, viligeuka tope. Serikali iliwaondoa wachimbaji, lakini kuondoa watu na kufukia walichokiacha ni kazi mbili, na ya pili haina kelele wala magari ya polisi.

Na bado kuifukia si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme machimbo yanatoa gramu moja ya dhahabu kwa kila mita moja ya ujazo ya changarawe, ambayo ni kama tani mbili. Gramu hiyo ina ukubwa wa punje mbili au tatu za mchele. Vingine vyote, tani mbili kasoro gramu moja, bado vipo pale. Tena udongo uliochimbuliwa huvimba kwa sababu hewa imeingia kati ya chembe zake, kwa hiyo kinachotakiwa kurudi shimoni ni kingi kuliko shimo lenyewe. Hakuna machimbo ya mtoni yaliyowahi kukosa udongo wa kujifukia. Yamekosa mpangilio, au mtu wa kulipia safari ya kurudi.

Mpangilio wenyewe unajulikana duniani kote na hauhitaji mashine za ajabu. Kwanza ni mashimo ya majaribio yaliyopangwa kwa mistari, kila moja likichimbwa hadi mwambani na changarawe yake ikioshwa kwenye karai, ili ijulikane dhahabu iko wapi na iko chini kiasi gani. Bila hatua hiyo, bonde zima hupinduliwa kwa kubahatisha. Kisha kazi huanzia upande wa chini wa mto kuelekea juu, maana hapo maji ya shimoni hujitoa yenyewe. Udongo mweusi unakwanguliwa na kuwekwa kando kwenye tuta la chini, si mlima mrefu, kwa kuwa ukilundikwa sana hukosa hewa na uhai wake hufa. Kifusi cha kipande cha kwanza huhifadhiwa. Kifusi cha kipande cha pili kinakwenda moja kwa moja ndani ya shimo la kwanza, cha tatu ndani ya la pili, hivyo hivyo hadi mwisho, na lile rundo la mwanzo ndilo linalofukia shimo la mwisho. Mawe makubwa chini, changarawe iliyooshwa juu yake, mfinyanzi, halafu udongo mweusi na mbegu za nyasi kabla haujakauka.

Maji ya mwaloni, pale changarawe inapooshwa, ni shauri jingine. Yakitoka kwenye ubao uliotandikwa magunia hubeba tope laini, na tope hilo likiingia mtoni huziba nafasi za changarawe ambamo samaki hutaga. Kwa hiyo huchimbwa mabwawa mawili au matatu yanayofuatana, tope litulie kwenye la kwanza, maji yaliyotakata yavutwe kutoka la mwisho na kurudishwa kazini. Zebaki ikitumika, kazi yote hiyo imeharibika, kwa sababu tope linalorudishwa shimoni litakuwa limebeba sumu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020.

Sheria ilichelewa, lakini ilikuja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Sheria ya Madini ya 2010, pamoja na kanuni zake, zinamtaka hata mchimbaji mdogo awe na mpango wa kutunza mazingira. Sheria ya 2004 inaenda mbali zaidi: kifungu cha 57 kinazuia shughuli za kudumu au zenye madhara kwa mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Yeyote anayejua tabia ya dhahabu ya mtoni ataona ugumu wake papo hapo. Mita hizo 60 ndimo dhahabu ilimo. Kwenye mabonde membamba ya Uluguru, ukiziondoa pande zote mbili hubaki na mteremko mtupu. Katika uwanda wa Ngerengere hali ni tofauti, kwani mto umehama mara nyingi na mikondo yake ya kale, yenye changarawe yake, hulala mbali na maji ya leo. Mpango wa maana ungeanzia huko.

Sababu za kuwa mkali zimeongezeka. Tangu 2008 misitu ya juu ya Uluguru ni Hifadhi ya Mazingira Asilia. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake Morogoro, inagawa maji yanayogombewa na wakulima, viwanda na mamilioni ya wakazi wa Dar es Salaam. Na kwenye mto Ruvu, bwawa la Kidunda linajengwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190. Bwawa hujaa tope kimyakimya: kila tani inayoachwa wazi bondeni inachukua nafasi ya maji, na hakuna anayeiona hadi mwaka wa ukame.

Ndiyo sababu, katika nchi yenye masika na vuli, ukubwa wa kipande cha kuchimba hauamuliwi na uwezo wa mashine bali na kalenda. Masika huisha Mei. Vuli inaweza kubisha hodi mwishoni mwa Oktoba. Katikati kuna miezi mitano ya kukwangua, kuchimba, kuosha, kufukia na kurudisha udongo mweusi juu, na nyasi nazo zinahitaji wiki kadhaa za kushika mizizi kabla ya mvua kubwa. Kipande kisichoweza kufungwa ndani ya muda huo ni kikubwa mno, hata kama leseni ya mchimbaji mdogo inadumu miaka 7.